Seti ya biti za kuchonga manifoldi ya hewa: inafaa, ila kwa subira

Biti za kabaidi (metali ngumu sana) za seti hii, za kuchonga manifoldi ya alumini (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda za injini), zina meno mapana, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Meno membamba hujaa alumini mara moja. Hata haya mapana yapakwe mafuta ya taa au nta mara kwa mara.

Weka gasketi (kizibo bapa kinachokaa kati ya manifoldi na silinda hedi, yaani kichwa cha injini) juu ya manifoldi, chora ukingo wa tundu, chonga mpaka mstari kisha punguza mchongo taratibu kuelekea ndani kama milimita 25. Usivuke mstari: mdomo wa manifoldi ukiwa mpana kuliko wa silinda hedi, hewa hugonga ukingo wa silinda hedi uliojitokeza kama ngazi. Ukiwa mdogo kidogo, hakuna hasara kubwa. Pima unene wa ukuta kila mara, maana ukitobolewa, presha ya tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) itavuja.

Misasa ya seti ndiyo dhaifu, huchanika upesi. Nunua mingine ya namba 80. Kung'arisha kama kioo hakuongezi nguvu.

Kabla ya kufunga, osha kwa maji moto na sabuni, pulizia hewa. Chembe moja ya alumini inaweza kukwaruza silinda.

Kwenye gari la tabo la barabarani usitarajie makubwa: faida halisi ni silinda kugawana hewa kwa usawa.