"Mama, mayai yako yameisha": yaliyonikuta kliniki ya uzazi hapa Mombasa

Nasema mapema: kama una moyo mwepesi, kliniki hii usiende peke yako.

Maabara yao sina ugomvi nayo. Walinitoa damu vizuri, majibu yakatoka siku waliyoahidi. Balaa lilikuwa kwa daktari. Nilimpa pia majibu yangu ya zamani ya AMH, ile homoni inayoonyesha wingi wa mayai yaliyobaki, niliyopimiwa maabara nyingine mjini. Akaziweka karatasi mbili pamoja, mlango uko wazi, watu wamejaa kwenye benchi pale nje, akasema kwa sauti: "Mama, AMH yako ilikuwa 5.7, sasa ni 0.8. Mayai yameisha. Tuongee habari ya mayai ya kuchangiwa." Hakuniuliza umri. Hakuniuliza kama natumia vidonge vya kupanga uzazi, ambavyo huweza kuishusha hiyo AMH. Nilitajiwa bei ya mayai ya mtu mwingine machozi hayajanikauka, mume wangu kanishika mkono chini ya meza.

Kumbe ile 5.7 imeandikwa kwa pikomoli kwa lita, na 0.8 kwa nanogramu kwa mililita! Ukitoka nanogramu kwenda pikomoli unazidisha kwa 7.14. Hebu zidisha 0.8 uone. Ni kiasi kile kile, hakuna kilichoshuka. Na vizio viko pale pale, ubavuni mwa namba.

Aliyegundua ni dada wa ultrasaundi. "Nani kakwambia imeshuka?" Akahesabu vifuko vya mayai, kulia kisha kushoto, huku amenigeuzia skrini nione mwenyewe. Hakunidanganya: 0.8 iko chini, na nikichomwa sindano za kukuza mayai huenda wakavuna machache. Lakini AMH inaonyesha wingi, haijui uzima wa yai. Huo unategemea zaidi umri. Hakuna namba ya homoni inayoweza kumhukumu mtu kwamba hatazaa. Likipatikana yai moja zima, linaweza kutosha. Akashangaa pia kwamba FSH, homoni inayochochea mayai kukua, nilipimwa siku yoyote tu niliyofika kaunta, ilhali hupimwa siku ya pili au ya tatu ya hedhi.

Kwa ajili yake nilitaka kuwapa nyota nne. Wallahi nilitaka, na hata kusamehe nilishaanza. Nikarudi kwa daktari, nikamwonyesha vile vizio kwa kidole. Akatazama, akasema, "Sawa, lakini bado ni ndogo," akaita mgonjwa mwingine. Hata pole! Miaka yote hii tunahangaika na mtoto, halafu mtu anashindwa kusema pole?

Nyota moja, na hiyo ni ya yule dada.

Nilipoomba nakala za majibu yangu niende kwingine, kaunta wakanidai pesa ya fotokopi. Tukalipa, tukatoka. Anayemjua daktari wa uzazi hapa Mombasa anayefunga mlango kabla hajafungua faili ya mtu, tafadhali aniandikie.