Gugong ya Beijing: mara ya kwanza nilipigwa, mara ya pili nikaenda mwenyewe

Wadau habari zenu. Naona wengi wanaokuja Guangzhou kufuata mzigo wanauliza kama inafaa kupanda mpaka Beijing kuona kasri la wafalme, ile wenyewe wanaita Gugong, sasa mi nimeshaenda mara mbili nimeona niandike yote hapa nisiwe narudia rudia kwenye voisi. Jibu fupi: inafaa sana. Ila usiende nilivyoenda mara ya kwanza.

Mara ya kwanza ilikuwa Oktoba, si unajua kuanzia tarehe 1 Wachina wana sikukuu yao ya taifa, viwanda vinafungwa, mzigo wangu wa mapazia umekwama kiwandani na mimi nimekaa Xiaobei, mtaa wa huko huko Guangzhou, nakula hela ya hoteli bila kazi. Nikasema bora nitembee. Treni ya mwendokasi toka Guangzhou Kusini mpaka Beijing Magharibi ni kilomita 2,298 na zile za haraka zinatumia kama masaa nane, nauli inazidi yuan 800 siti ya kawaida. Treni yenyewe sina neno, unaweka kikombe cha chai mezani hakitikisiki. Kosa langu nikanunua ziara ya siku moja kwa kampuni fulani niliyoiona kwenye simu, yuan 380, kasri na Ukuta Mkuu na chakula cha mchana humo humo. Nikaona bei ya kutupa, kumbe anayetupwa ni mimi.

Tulichukuliwa saa kumi na mbili asubuhi, kasri tukapewa saa moja na dakika ishirini. Hekta 72! Na ilikuwa nyomi aisee, Kariakoo mkesha wa Idi ina nafuu. Yule muongozaji kashika kibendera cha njano, kispika kiunoni, anatembea kama anafukuzwa, kila akisimama ni kutuhesabu tu kama mbuzi. Nilichokiona siku ile ni migongo ya watu na fimbo za selfi. Baada ya hapo ikawa ziara ya maduka, mara duka la vito vya jade, mara la chai, mara sehemu wanakuosha miguu halafu anaingia mtu kavaa koti jeupe anakushika mkono anakwambia ini lako limechoka, dawa yuan 900. Nikamwambia ini langu liache lilivyo. Ukutani tulifika jua linazama. Kampuni nimewapa nyota moja, na hiyo moja ni ya dereva.

Sasa mara ya pili, Januari mwaka huu, nimeenda peke yangu na hapa ndo pa kuzingatia.

Tiketi unabuku mwenyewe ndani ya WeChat kwa namba ya pasipoti, zinafunguliwa siku saba kabla saa mbili usiku, wewe kaa na simu mkononi maana siku za sikukuu zinaisha haraka. Msimu wa baridi, Novemba mpaka Machi, ni yuan 40, miezi mingine 60. Jumba la saa na jumba la hazina unaongeza yuan 10 kila moja. Getini hakuna karatasi, pasipoti ndiyo tiketi, na sie wa pasipoti za nje wakati mwingine mashine inagoma unapelekwa dirishani, usipaniki. Kibiriti acha hotelini, hakiingii. Unashuka kituo cha Tiananmen Mashariki, foleni ya ukaguzi, unatembea mpaka geti la Wumen upande wa kusini, na kutoka ni geti la kaskazini au la mashariki, siyo ulikoingilia, yaani ukishaingia ni kupita moja kwa moja hakuna kurudi nyuma kufuata begi ulilosahau.

Na baridi jamani. Mtu wa Tanga kama mimi nilivaa suruali mbili na bado masikio nikawa siyahisi. Ila baridi ile ile ndo ilinifundisha kasri kuliko kile kispika cha Oktoba. Nyuma ya ukumbi wa tatu kuna jiwe moja la ngazi limechongwa madragoni na mawingu, refu mita 16 na zaidi, uzito unazidi tani 200. Unajiuliza walilibebaje. Walisubiri kipupwe kama hicho, wakawa wanamwaga maji barabarani yanaganda, jiwe linavutwa linateleza juu ya barafu mpaka mjini. Nilivyokuwa natetemeka pale nikaamini kabisa kwamba maji ya Beijing yanaganda ukiyaangalia. Na yale mapipa makubwa ya shaba uwanjani, yalikuwa ya maji ya kuzimia moto kwa sababu majumba yote ni mbao, sasa baridi ikija wanawasha mkaa chini yake ili maji yasigande, hebu fikiria, unawasha moto kulinda maji ya kuzimia moto. Yaliyopakwa dhahabu yamejaa mikwaruzo, wanasema ni askari wa kigeni wa mwaka 1900 walikwangua na visu vya bunduki. Hayo yote Oktoba niliyapita nayakimbia.

Mfalme aliyejenga ni Yongle wa ukoo wa Ming, kazi ilianza 1406 ikaisha 1420, na hapo wametawala wafalme 24 mpaka 1912. Na huyu Yongle ndugu zangu wa pwani tunadaiana naye. Ndiye aliyekuwa anatuma yale majahazi makubwa ya Zheng He, mkuu wa meli zake, mpaka huku kwetu, na mwaka 1415 Malindi ikampelekea twiga. Kwa Wachina kitu hicho kilikuwa kigeni, wakasema huyu ni qilin, mnyama wa hadithi zao anayetokea nchi ikipata mfalme wa haki, ikawa sherehe. Mwaka 2013 wachimbaji wakaokota sarafu ya Yongle kisiwani Manda, kule Lamu, kwa hiyo na sie kuna chenji yake tulibaki nayo.

Mimi nilikuwa nalijua hilo la twiga juu juu. Sasa upande wa magharibi kuna geti la Cining, watu wachache wanafika kwa sababu wote wanafuata mstari wa katikati, mbele yake wamekaa qilin wawili wa shaba wamepakwa dhahabu. Nilisimama pale muda mrefu mpaka mlinzi akaanza kuniangalia. Nikampiga picha mmoja nikamtumia mama, nikamwelezea habari nzima, akajibu kwa voisi: "Mwanangu, mbona hana shingo?" Na kweli hana. Ana magamba na pembe na miguu ya ng'ombe. Walivyomfananisha na twiga wanajua wenyewe, ila mfalme ukishaambiwa mnyama kaja kwa sababu wewe ni mtu wa haki utaanza kupima shingo?

Kitu kingine tembelea majumba ya ndani ya kuishi, yale ya mbele ni mazuri ila ni matupu, uwanja hauna hata mti. Ya ndani ndo unaona maisha. Yule mfalme wa mwisho Puyi alitawazwa na miaka miwili, akatolewa madarakani na miaka sita, ila wakamwacha akaendelea kukaa humo ndani mpaka 1924, huku nje nchi ni jamhuri. Akajifunza baiskeli, sasa vizingiti vya milango vikawa vinamzuia, akaamuru vikatwe. Vizingiti vya babu zake! Halafu unatoka geti la kaskazini unakuta baiskeli za kukodi zimepangwa maelfu kwa maelfu, unaskani na simu unaondoka, nikamkumbuka.

Ukitoka usikimbilie metro, vuka barabara upande Jingshan, yuan 2 tu. Ni kilima cha udongo uliochimbwa kwenye handaki la maji la kasri, na hapo ndo mfalme wa mwisho wa Ming alijinyonga 1644 mji ulipotekwa. Juu kabisa ukitazama kusini unaona mapaa ya njano yote, rangi iliyokuwa ya mfalme peke yake, na mashariki unaona lile ghorofa la mita 528, refu kuliko yote Beijing, na ukiliangalia vizuri kiunoni limebanwa juu limefunguka, wamelichora kwa kufuata chombo cha pombe cha ibada za kale, kinaitwa zun. Mi hapo ndo nilielewa huu mji. Hata metro, laini namba 2 inayozunguka imepita pale pale ulipokuwa ukuta wa mji, ukuta wenyewe wameubomoa karibu wote, ila vituo vimebaki na majina ya mageti, Xuanwumen, Fuchengmen, Chaoyangmen, hiyo "men" ya mwisho ndo geti. Ni kama sie na Mnazi Mmoja, nenda kautafute huo mnazi. Kila siku watu wanabanwa humo wanatazama simu, geti halipo ila bado wanashukia getini.

Chakula: kwa Waislamu shuka Niujie, kuna msikiti wa tangu mwaka 996 ambao kwa nje utadhani hekalu la Kichina, na mtaa mzima ni nyama halali, supu ya kondoo ya pale ilinirudishia masikio. Malipo unganisha kadi yako na Alipay, ile app ya Wachina ya kulipia kwa simu, kabla hujasafiri, keshi wanapokea ila chenji ni shughuli.

Gharama za siku ile ya pili yote, kasri na jumba la saa na kilima na metro na supu, haikufika yuan 150. Jumba la saa usiliache, wafalme walipenda saa za Ulaya balaa, kuna moja ya Mwingereza ina kidoli kinaandika Kichina kwa brashi. Viatu vaa vya kutembelea siyo vya picha. Na Jumatatu pamefungwa, hili naliandika mwisho kwa sababu Januari hiyo hiyo nilifika kituoni Jumapili usiku nimejipangia vizuri kabisa kwenda kuangalia ukuta wa nje asubuhi halafu nijaribu bahati kuingia tena, nikakuta kimya, bata wawili na mzee mmoja anavua samaki.