Seva ya kukodi, nginx na nyumba yetu ya wageni Lamu: uzoefu wangu wa mwaka mmoja na nusu

Tovuti ya kwanza ya nyumba yetu ya wageni ilipotea siku chache kabla ya Maulidi ya 2023. Mgeni aliyeulizia vyumba viwili alituandikia kwa WhatsApp kwamba anwani tuliyompa inafungua ukurasa wa matangazo. Kumbe jina la tovuti lilisajiliwa na kijana aliyetutengenezea, kwa jina lake na barua pepe yake, na muda ulipokwisha hakuna aliyelipia. Simu yake haikupatikana. Picha, maelezo, bei, na miaka minne ya watu kuizoea anwani ile, vyote vilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Mama aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hini tovuti ilikuwa yetu au ya watu?" Sikuwa na la kumjibu, na swali lile lilinikaa rohoni mpaka Januari 2024 nilipoanza kujenga upya kwa mikono yangu.

Nitakachoeleza hapa ni mpangilio wote kama nilivyoutumia: seva ndogo ya kukodi, yaani kompyuta inayokaa hewani muda wote, yenye mfumo wa Linux uitwao Ubuntu 22.04, programu ya nginx ya kuhudumia kurasa, cheti cha bure cha Let's Encrypt cha kulinda mawasiliano kati ya mgeni na tovuti, na kurasa nilizoandika mwenyewe kwa HTML na CSS, lugha za kuandikia kurasa za wavuti. Si fundi wa kompyuta. Nilisoma usiku, wageni wakishalala, zaidi kwenye MDN, tovuti ya maelezo ya bure ya kutengeneza wavuti.

Wazo la kwanza lilikuwa kugeuza laptopu ya zamani iwe seva, ikae hapa hapa nyumbani. Niliogopa umeme kukatika, lakini kizuizi kikubwa kilikuwa kingine. Intaneti yetu ni ya laini ya simu, ruta tumeiweka kwenye kidaka cha chumba cha mbele kwa sababu kuta za matumbawe hazipitishi mawimbi vizuri. Laini za namna hii kwa kawaida huwachanganya wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ukiwa ndani unakwenda utakako. Mtu wa nje akibisha, mtandao haujui umfungulie mlango wa nani. Ni kama mzigo ulioshushwa gatini umeandikwa jina la mtaa, "Mkomani", na basi, bila jina la mwenyewe. Seva yataka anwani yake peke yake, isiyobadilika, na inayosikiliza usiku na mchana. Hicho hasa ndicho unachokilipia unapokodi mashine kwenye kituo cha data.

Ninalipa dola 6 kwa mwezi kwa mashine yenye gigabaiti 1 ya memori, pamoja na dola 1.20 za nakala ya akiba ya kila wiki. Nilipoanza, dola ilikuwa inakaribia shilingi 160, kwa hiyo kodi peke yake ilifika kama 950. Siku hizi dola iko karibu 129, na kodi hiyo hiyo haifiki 800. Jambo hili liangalie mapema: hata bei ya dola isipobadilika, ya kwako ya shilingi itabadilika. Kulipa hakukunisumbua, natumia kadi ya Visa ya mtandaoni inayotolewa ndani ya M-Pesa. Jina la .co.ke nilinunua kando, kwa msajili mwingine kabisa, na safari hii nilihakikisha mwenye jina ni mimi, barua pepe ni yangu, na tarehe ya kulipia imeandikwa kwenye kalenda ya ukutani jikoni ambapo Mama anaiona kila siku.

Seva inakuja tupu. Usitarajie vitufe vya kubofya. Unaingia kwa SSH, njia salama ya kuiamuru mashine iliyo mbali, kupitia mlango namba 22, unakuta mstari mmoja unaosubiri amri. Saa moja haijaisha, nilifungua logi, daftari la matukio ya seva, nikaona imejaa majaribio ya kuingia kwa jina la root, yule mkuu wa mashine, moja baada ya jingine, kutoka anwani nisizozijua. Nilidhani nimelengwa. La, ni programu zinazozunguka intaneti nzima zikibahatisha maneno ya siri kwenye kila mashine iliyo hewani. Dawa yake ni kutengeneza jozi ya funguo, ule wa siri unabaki kwenye laptopu na ule wa wazi unawekwa kwenye seva, kisha unazima kabisa kuingia kwa neno la siri. Nilifanya hivyo usiku ule ule sikulala mpaka nimemaliza.

Halafu nikajifungia nje. Nilitaka kuwasha ufw, ile programu ya kulinda milango, nikaiwasha kabla ya kuiambia mlango 22 ubaki wazi. Mstari ukaganda. Nikafunga, nikajaribu kuingia tena, kimya. Nilikaa pale darini saa tano ya usiku na mashine yangu iko Frankfurt inafanya kazi vizuri, ila haimtaki mtu yeyote, mimi nikiwa wa kwanza. Bahati nzuri kampuni nyingi za kukodisha seva huweka njia ya dharura ndani ya ukurasa wa akaunti yako, dirisha linaloonyesha kioo cha ile mashine kama vile umekaa mbele yake, na ndiyo iliyoniokoa. Kwa hiyo anayefuata nyayo zangu aandike "sudo ufw allow OpenSSH" kwanza, afungue milango 80 na 443 ya wavuti, ndipo awashe. Na kabla ya kulipa popote, aulize kama dirisha hilo lipo.

Kuhusu nginx nina mapenzi nayo na sioni haya kusema. Apache, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, ipo tangu 1995 na imebeba sehemu kubwa ya wavuti, sina neno nayo. Lakini nginx, aliyoiandika Igor Sysoev na kuitoa hadharani mwaka 2004, ilijengwa tangu mwanzo ili mashine moja ihudumie maelfu ya wageni kwa wakati mmoja bila kumaliza memori, na kwenye seva ndogo kama yangu unaliona hilo kwa macho. Memori inayotumiwa na nginx kwangu ni megabaiti chache tu.

Kilichonifurahisha zaidi ni faili lake la mipangilio. Tovuti yetu nzima ilianza kwa maelekezo manne ndani ya mabano: usikilize mlango gani, jina la tovuti ni lipi, kurasa ziko kwenye folda gani, na ukurasa wa kwanza unaitwa nani. Nilipoyaelewa manne hayo, nilielewa wavuti inavyokwenda. Kivinjari cha mgeni kinauliza DNS, daftari la majina ya intaneti, jina letu lina namba gani, kinaifuata namba mpaka kwenye seva, kinabisha mlango 80 au 443 na kutaja jina la tovuti, na nginx inakwenda kwenye folda, inachukua faili, inalikabidhi. Basi. Kwa kurasa za kawaida hakuna uchawi mwingine. Kila elekezo kati ya hayo linaishia na nukta mkato, na ukiisahau, amri ya "nginx -t" inakutajia faili na mstari wenye kasoro kabla hujaharibu chochote. Nimeizoea kiasi kwamba sigusi faili lile bila kuiendesha, hata nikibadilisha herufi moja.

Kurasa zenyewe zilinichukua wiki tatu. Tovuti ya zamani ilikuwa ya WordPress, yenye hifadhidata na viongezi chungu nzima vilivyotaka kusasishwa kila mara. Nyumba yenye vyumba vitano haihitaji yote hayo. Nina ukurasa wa nyumba, wa vyumba, wa namna ya kufika, na wa mawasiliano. Ule wa kufika ndio nilioupa muda kuliko yote, kwa sababu mgeni anayetua uwanja wa ndege wa Manda au anayeshuka basi Mokowe anataka kujua boti iko wapi, inalipwa kiasi gani, na nani atampokea gatini, maana huku kwetu hakuna teksi ya kumfikisha mlangoni.

Nilipomwonyesha Mama kwenye simu yake, maandishi yalikuwa madogo kama chembe za mchele. Nilisahau mstari mmoja juu ya ukurasa, wa viewport, unaoiambia simu itumie upana wake yenyewe badala ya kujifanya kioo cha kompyuta. Niliuongeza, nikamwambia afungue tena. "Ee, sasa nasoma," akasema, akaanza kunisahihishia bei za chai ya asubuhi.

Tatizo la picha ndilo lililonipotezea siku mbili, na nataka kulieleza vizuri kwa sababu naamini litampata kila anayeanza na laptopu ya Windows. Kwenye laptopu picha zote zilionekana: mlango wa kuchonga, zidaka za ukutani, kiwanda (ua wa ndani) na mti wake wa yasmini. Nilipozipakia kwenye seva, nusu yake hazikutokea, mahali pake kuna kijisanduku kilichovunjika. Nilizipakia upya mara tatu. Nilibadilisha ruhusa za folda. Nilianza kuilaumu nginx. Mwishowe nilifungua logi ya makosa na kusoma polepole, neno kwa neno: seva ilikuwa inatafuta "mlango.jpg" na kusema halipo. Nikaorodhesha folda, nikaliona: "Mlango.JPG". Kwa Windows hayo ni jina moja. Kwa Linux ni majina mawili tofauti kabisa. Simu yangu hutoa picha kwa herufi kubwa mwishoni, na mimi niliandika ndogo kwenye HTML. Tangu siku hiyo kila faili langu lina herufi ndogo tupu, halina nafasi katikati, na jambo lolote likikwama naanza na logi kabla ya kubahatisha.

Na hizo picha zipunguze. Zilitoka kwenye simu zikiwa na megabaiti 4 kila moja, na ukurasa wa vyumba ulikuwa na picha tisa. Mtu akiufungua kwenye boti ya kutoka Mokowe anaungoja mpaka anateremka. Nilizishusha hadi pikseli 1600 kwa upana, zikawa chini ya kilobaiti 250 kila moja, na machoni sioni tofauti.

Cheti cha Let's Encrypt kilichukua dakika mbili kwa programu ya Certbot, baada ya kukataa mara ya kwanza kwa sababu jina lilikuwa bado halijaelekezwa kwenye namba mpya. Let's Encrypt ni huduma ya shirika lisilo la faida, vyeti ni bure, na nilipoanza kila kimoja kilidumu siku 90. Certbot hukihuisha chenyewe kabla muda haujaisha, lakini usilale usingizi wa pono: tangu Juni 2025 wameacha kutuma barua pepe za kukumbusha kwamba cheti kinakaribia kwisha. Mimi huendesha "certbot renew --dry-run" kila mwanzo wa mwezi kuhakikisha njia bado iko wazi.

Kuna jambo la mahali pa seva ambalo sikulifikiria mpaka lilipotukuta. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ya Kenya na Tanzania ikawa ya kusuasua. Mimi Lamu nilishindwa kuingia kwenye seva yangu kwa muda mrefu siku ile, nikiandika herufi moja naisubiri itokee. Niliwaza tumepotea tena kama mwaka uliotangulia. Lakini mgeni mmoja aliyekuwa Italia aliniambia kwake ukurasa unafunguka kama kawaida, akatuma na picha. Wageni wetu wengi wako Ulaya, seva iko Ulaya, kwa hiyo njia kati yao haikupita kwenye nyaya zile. Ningekuwa nauza samaki au unga kwa watu wa Malindi na Mombasa ningechagua seva iliyo karibu nao, Nairobi au hapo hapo Mombasa. Nunua karibu na wasomaji wako, usijali wewe uko wapi.

Je, ningemshauri mwingine? Inategemea kama yuko tayari kuwa bawabu. Ubuntu ya LTS, yaani toleo la kutunzwa muda mrefu kama hii yangu, hupata marekebisho ya usalama kwa miaka 5, ila ni wewe wa kuhakikisha yamewekwa, na seva ikianguka hakuna wa kumpigia simu akutengenezee. Mwenye duka anayetaka tovuti ya kurasa mbili na hana usiku wa kusoma, akodi nafasi ya kawaida kwenye seva ya pamoja inayotunzwa na kampuni, inamtosha na si aibu. Kwa jina la tovuti tu sikubali mjadala: lisajiliwe kwa jina la mwenye biashara, siku ya kwanza, na neno la siri akae nalo yeye. Tulichopoteza sisi hakikuwa kosa la seva wala la programu yoyote.

Ami yangu mwenye mashua ya kutembeza wageni Manda Toto na Kipungani alikuja wiki iliyopita akaniuliza kama na yeye anaweza kupata ukurasa. Nilidhani itabidi tukodi seva ya pili. Haihitajiki, nginx inatazama jina ambalo kivinjari kimelitaja na kuchagua folda ya kufungua, kwa hiyo mashine moja inabeba tovuti nyingi. Tulikaa naye barazani baada ya Isha, laptopu magotini, tukasajili jina kwa simu yake na barua pepe yake. Faili la pili lina mistari kumi na miwili. Niliendesha "nginx -t", ikasema sawa, nikampa Ami abonyeze Enter mwenyewe.