Mtaalamu wa misingi ya nyumba Kibaha: tathmini ya kazi iliyoanza kwa kupima

Nyumba yetu ipo Kibaha, umbali mfupi kutoka Barabara ya Morogoro, katika eneo ambalo udongo wa juu ni mchanga wa kawaida unaomridhisha mnunuzi wa kiwanja, lakini ukichimba kidogo unakutana na mfinyanzi wa kijivu ambao wakati wa kiangazi hupasuka na kuwa mgumu kama tofali, na wakati wa masika hunata kwenye jembe. Tuliijenga bila kupima udongo, kama walivyofanya majirani wetu, juu ya msingi wa mawe wenye kina cha sentimita 60. Tathmini hii inahusu kampuni ndogo ya wahandisi na makandarasi tuliyoiajiri kurekebisha msingi huo, pamoja na watu tuliowapitia kabla yake. Sitamtaja yeyote kwa jina, kwa kuwa baadhi ya ninayoyaeleza ni malalamiko, na kwa kuwa msomaji mwenye nyumba Dodoma au Arusha atanufaika zaidi akijua namna ya kumchagua mtaalamu kuliko akipewa namba ya simu ya huyu wa kwetu.

Ufa wa kwanza ulionekana Oktoba 2022, mwaka ambao mvua zilikuwa haba na Mto Ruvu ulipungua kiasi kwamba wakazi wa Dar es Salaam walipata maji kwa mgawo. Ulianzia kwenye kona ya juu ya dirisha la chumba cha kulala, ukapanda kwa mshazari ukifuata viungio vya matofali kama ngazi, hadi chini ya mkanda wa zege ulio juu ya ukuta. Fundi mwashi aliyetujengea alikuja, akaugonga ukuta kwa kiganja, akasema, "Mama, huu ni ufa wa lipu tu, wala usikukoseshe usingizi." Aliuchimbua, akauziba kwa saruji na wavu wa waya, akapiga lipu na rangi. Simlaumu sana, kwa sababu nyufa nyingi katika nyumba zetu ni za lipu kweli. Hata hivyo zilikuwapo dalili mbili ambazo angepaswa kuziona: ufa ulikata tofali lenyewe, si lipu peke yake, na ulikuwa mpana juu kuliko chini, jambo ambalo mara nyingi huonyesha kwamba kona ya nyumba inashuka. Baada ya masika ya 2023 ule ufa ulichora tena mstari wake juu ya rangi mpya, mlango wa jiko ukaanza kukwaruza sakafu, na ufa mwingine ukatokea upande huo wa jiko, ambako hatukuutarajia.

Mtu wa pili alikuwa mwakilishi wa kampuni iliyojitangaza kwa mabango kuwa ni bingwa wa kuimarisha misingi. Alizunguka nyumba kwa dakika zisizozidi 20, akapiga picha, na jioni ile ile akatuma makadirio ya shilingi milioni 34 kwa ajili ya kuchimba na kumwaga zege jipya chini ya msingi wote, pande zote nne. Nilipomwuliza udongo uliopo chini ni wa aina gani alijibu kwamba kazi yao inafaa kwa udongo wowote. Jibu hilo ndilo lililonifanya niweke kalamu chini. Nilimwomba pia namba ya usajili wa kampuni, naye akaahidi kuileta siku ya kusaini mkataba. Makandarasi nchini husajiliwa na bodi yao na wahandisi na bodi yao, zote mbili zikifanya kazi chini ya sheria za mwaka 1997, na namba ya usajili ni kitu ambacho mkandarasi wa kweli huiandika kwenye karatasi yake ya makadirio bila kuombwa.

Kampuni tuliyoiajiri hatimaye ilikataa kutoa makadirio ya ukarabati katika ziara ya kwanza. Mhandisi wao, kijana aliyenisalimia kwa heshima kisha akatumia nusu siku nzima akiwa amepiga magoti kwenye majani, alisema kwamba kwanza wangefanya uchunguzi kwa shilingi 900,000, na kwamba baada ya kupokea taarifa yake nilikuwa huru kumpa kazi mtu mwingine. Wakati ule nilihisi kwamba ninauziwa karatasi. Leo nathubutu kusema kwamba hizo ndizo fedha nilizozitumia vizuri kuliko zote katika mkasa huu.

Uchunguzi wenyewe ulihusu mashimo matatu yaliyochimbwa kando ya ukuta hadi chini ya kitako cha msingi, sampuli za udongo zilizopelekwa maabara, na vipimo vya usawa wa sakafu kutoka chumba hadi chumba. Juu ya kila ufa walibandika kipande cha kioo chembamba chenye tarehe, ambacho hukatika ufa ukisogea, na pembeni yake wakafunga skrubu mbili, moja kila upande, ili umbali kati ya vichwa vyake uweze kupimwa kila baada ya wiki mbili. Kazi hiyo ya kupima alikabidhiwa mwanangu, naye aliandika takwimu kwenye daftari kuanzia Julai 2023 hadi Januari 2024. Kipindi hicho kilibeba kiangazi kikali na baadaye vuli iliyoambatana na El Niño, ambayo kwa wengine ilikuwa maafa na kwetu ikawa, nasema hili kwa aibu kidogo, mtihani bora ambao mhandisi angeweza kuuomba.

Takwimu za daftari ndizo zilizotufunulia kwamba tulikuwa na matatizo mawili yenye sura moja. Ufa wa chumba cha kulala ulipanuka hadi milimita 7 mwezi Oktoba, kisha mvua zilipokolea ukajifunga wenyewe hadi milimita 3. Ufa wa jiko haukujali kiangazi wala mvua. Uliendelea kupanuka taratibu tu. Mhandisi alieleza kwamba mfinyanzi wa aina yetu una madini yanayonyonya maji na kuvimba, na yanapokauka husinyaa, kwa hiyo nyumba nyepesi yenye msingi mfupi hupanda na kushuka nayo. Hilo lisingekuwa balaa kama nyumba nzima ingepanda na kushuka kwa pamoja. Upande wa chumba cha kulala, mikaratusi miwili ya jirani ilikuwa ikinyonya unyevu wa udongo kila kiangazi, na kona hiyo ikashuka peke yake. Upande wa jiko hali ilikuwa kinyume: shimo la uchunguzi lilijaa maji mwezi Julai, wakati hakuna tone lililodondoka kutoka angani kwa wiki kadhaa. Bomba la maji machafu lililoelekea kwenye shimo la karo lilikuwa limeachia kwenye kiungio, chini kabisa ya sakafu ya nje, na udongo chini ya kona ile ulikuwa umelainika kiasi cha kuingia kidole.

Kwa maneno mengine, yule wa milioni 34 angemwaga zege pande zote nne na kuliacha bomba likivuja.

Mapendekezo yaliyoandikwa yalikuwa ya kawaida mno kiasi kwamba mume wangu alidhani kurasa nyingine zimesahauliwa. Bomba libadilishwe na karo lihamishwe mbali na ukuta. Paa lifungwe gata na maji yake yapelekwe kwenye mtaro. Nyumba izungushiwe sakafu ya zege yenye upana wa mita moja na nusu, iliyoinama kuelekea nje, ili unyevu wa udongo ulio chini ya msingi usibadilike ghafla. Kuhusu mikaratusi, nilikuwa tayari nimekubaliana na jirani tuikate yote siku moja, lakini mhandisi alituzuia, akieleza kwamba mfinyanzi uliokaushwa na mizizi kwa miaka mingi ukirudishiwa maji yote kwa mkupuo huvimba na kuinua nyumba, na kwamba ni heri mti wa karibu ukatwe kwanza na wa pili upunguzwe matawi, kisha tungoje. Ni kona ya jiko pekee, jumla ya mita nane za ukuta, iliyohitaji kuchimbwa na kuongezewa kina. Makadirio ya kazi yote yalikuwa shilingi milioni 11 na laki 6.

Kazi ilianza Februari 2024, ili imalizike kabla ya masika. Mita nane ziligawanywa katika vipande vinane vya mita moja moja, na kila kipande kikaandikwa namba ukutani kwa rangi nyekundu, kwa mpangilio ambao hauruhusu vipande viwili vinavyopakana kuwa wazi kwa wakati mmoja, kwa sababu ukuta unaochimbwa chini yake hubebwa na udongo uliobaki kushoto na kulia. Kila shimo lilishuka hadi mita 1.6, ambako udongo ulikuwa mgumu, likamwagwa zege na kuachwa wazi kwa kimo cha milimita 75 chini ya msingi wa zamani. Zege lilipokwisha kushika na kusinyaa, nafasi hiyo ilijazwa mchanganyiko mkavu wa saruji na mchanga ulioshindiliwa kwa kipande cha mbao na nyundo. Nilijifunza kwamba hapo ndipo kazi mbaya hujificha, maana nafasi isiyoshindiliwa vyema huufanya msingi mpya na wa zamani wasigusane, na hakuna anayeweza kuliona hilo baada ya shimo kufukiwa.

Sasa upungufu wao. Kazi iliyoahidiwa kuchukua siku 10 ilichukua siku 24, na kwa muda wote huo tulipikia barazani. Asubuhi moja, mhandisi akiwa kwenye kazi nyingine na msimamizi hajafika, vibarua walianza kufungua kipande namba 5 wakati cha jirani yake kilikuwa bado hakijamwagwa zege. Niliwasimamisha mwenyewe kwa kusoma namba za ukutani. Kiongozi wao alinijibu kwa upole, "Mama, tunataka kuwahi tu," jibu ambalo halikunituliza hata kidogo. Mhandisi alipopigiwa simu alikuja ndani ya saa moja, akaomba radhi, akafukia shimo lile kwa mkono wake, na kuanzia siku hiyo msimamizi hakukosa. Dhamana yao nayo ni ya ukurasa mmoja na inahusu zile mita nane tu kwa miaka miwili. Nyufa za sehemu nyingine hazimo. Lundo la udongo lilibaki uani hadi nilipolipia lori, na vigae vya jiko vilivyovunjwa havikurudishwa, kwa kuwa havikuandikwa kwenye mkataba, kosa ambalo ni langu kama lilivyo lao.

Pamoja na hayo ningewapa alama nne kati ya tano, na ile ya tano imebaki kwenye kipande namba 5. Kwa atakayemwita mtaalamu wa namna hii ningemshauri aombe taarifa ya uchunguzi kabla ya makadirio, aangalie usajili wa kampuni na wa mhandisi anayesaini, na mkataba utaje jina la msimamizi atakayekuwapo kila siku mashimo yakiwa wazi. Asikubali pia kuziba nyufa mapema. Sisi tulishauriwa tusipige lipu hadi misimu miwili ya mvua ipite, ushauri ambao fundi yeyote anayelipwa kwa siku asingeutoa.

Kioo cha jiko kilichobandikwa Machi 2024 kimevuka masika mawili na vuli moja kikiwa kizima, na mlango unafungwa kwa kidole. Kile cha chumba cha kulala kilikatika Februari 2025 katika joto la kiangazi, ufa ukafika milimita 2, kisha ukajifunga mvua ziliporudi. Mhandisi alikuja kuutazama bila malipo, akabandika kioo kingine, na amekubaliana na jirani kwamba mkaratusi wa pili ukatwe mwaka huo baada ya masika.