Garrett G25-660 Mezani: Jina Lina Farasi 660, Gari Lako Je?

Haya wadau, sauti inafika? Maikrofoni ni mpya, kwa hiyo mliokuwa mnalalamika kila video, leo sina deni lenu. Mezani nina turbo, Garrett G25-660: moshi wa injini unazungusha feni ya upande mmoja, na hiyo kwa shafti inazungusha feni ya upande wa pili inayosukuma hewa ndani ya injini. Itazameni. Ndogo, safi, unaishika kwa mkono mmoja, na ina jina baya kuliko turbo zote sokoni.

Nasema baya kwa sababu ya hiyo 660. Hapo 25 ni familia yake, 660 ni farasi ambao feni yake ya hewa ina uwezo wa kuwalisha. Uwezo, jamani. Siyo ahadi. Halafu nikifungua jumbe zenu, nakuta: "Kaka, nikiifunga hii kwenye injini ya lita 2, nitapata 660?" Hupati. Na leo nitakuonyesha kwa nini, kwa kalamu, ubaoni, ili mtu asikudanganye tena.

Washindani wa Garrett, BorgWarner, kwenye turbo zao za EFR, walikuwa na akili zaidi hapa. EFR 6758: feni ya hewa kipenyo chake milimita 67, feni ya moshi 58. EFR 7163: 71 na 63. Jina linakupa vipimo, hesabu unafanya mwenyewe. Hakuna mtu anayelala akiota 6758. Lakini 660? Inauza.

Sifa za kawaida naziruka. Beringi za seramiki, kasha la moshi la chuma kisichoshika kutu, feni ya moshi inayovumilia nyuzi joto 1055, hayo yote mnayajua. Twende ubaoni.

Hii niliyobandika ni ramani ya kompresa, yaani ya upande wa feni ya hewa. Kila turbo ya maana huja na yake, na kama muuzaji hana ramani, funga pochi. Mstari wa chini, huu unaolala, ni uzito wa hewa kwa dakika, kwa pauni. Huu uliosimama ni uwiano wa presha: presha inayotoka kwenye turbo ukigawa kwa presha inayoingia. Hivi visiwa vya katikati ni ufanisi. Ukikaa katikati ya kisiwa, turbo inasukuma hewa bila kuipasha moto kupita kiasi. Ukitoka kulia kabisa, unaunguza hewa tu, busti, yaani presha ambayo turbo inaongeza, inasoma juu na gari halina nguvu. Ukitoka kushoto ya mstari huu mzito, hapo ndipo hewa inarudi nyuma. Nitakuja huko, maana kuna watu wanapenda ule mlio.

Sasa injini. Lita 2, silinda nne, unaizungusha mpaka 7000 kwa dakika. Injini ya mipigo minne inavuta ujazo wake wote kila mizunguko miwili, kwa hiyo kila mzunguko mmoja inavuta lita 1. Mizunguko 7000, lita 7000. Haijai kikamilifu, tuseme asilimia 95. Tunabaki na 6650. Busti tuweke baa 1.2, ambayo kwa mtu anayekwenda kazini na gari lake si mchezo. Ukiwa usawa wa bahari, presha ya hewa yenyewe ni kama baa 1, kwa hiyo uwiano wako ni kama 2.2. Intakula, kile kipoza hewa baada ya turbo, imefanya kazi yake, hewa inaingia injini na nyuzi 40. Hewa hiyo ina uzito wa kama gramu 2.5 kwa lita. Zidisha. Unapata kilo 16 na nusu kwa dakika, yaani pauni 36.

Kanuni ya mafundi wa petroli: pauni 1 ya hewa kwa dakika ni farasi kama 10 kwenye injini. Kwa hiyo 36 inakupa 360.

Sasa tumtafute huyo 660. Unahitaji pauni 66. Injini ileile, mizunguko ileile, joto lilelile. Kitu pekee kilichobaki cha kupandisha ni presha, na hesabu inakupeleka kwenye uwiano wa 4. Nne! Baa 3 za busti juu ya presha ya kawaida, kwenye gari la kupeleka mtoto shule. Pistoni zako zinasemaje? Gasketi ya kichwa inasemaje? Petroli ya kituo cha kawaida je? Utasikia injini inagonga, petroli inalipuka yenyewe kabla ya wakati, kabla sindano ya busti haijafika nusu ya safari.

Ngoja, kuna anayeishi sehemu ya mwinuko ananyanyua mkono. Wewe hesabu yako ni ngumu zaidi. Mita 1500 juu ya bahari, presha ya hewa inashuka mpaka kama baa 0.85. Ukiongeza ileile 1.2, uwiano wako si 2.2 tena, ni 2.4. Geji inaonyesha namba ileile lakini turbo inazunguka kwa kasi kubwa zaidi kuifikisha. Kwa hiyo mtu wa mlimani anayenakili tyuni, yaani mipangilio ya kompyuta ya injini, ya rafiki yake wa pwani anaichosha turbo bila kujua. G25 ina tundu la kufunga sensa ya kasi ya shafti. Kama uko juu, ifunge. Wengi wanaliacha limezibwa, inaniuma.

Turudi. Nukta yetu ya kwanza ni pauni 36 kwenye 2.2. Naweka alama. Lakini barabarani hukai kwenye 7000, sivyo? Unatoka kwenye mzunguko wa barabara, unafuata lori, unaona nafasi, unakanyaga ukiwa 3500. Nusu ya mizunguko, nusu ya hewa: pauni 18. Naweka nukta ya pili. Na mimi naichagua turbo kwa nukta hii ya pili. Ile ya kwanza ni ya kujisifia.

Chukua turbo kubwa, yenye mlango wa feni ya hewa, yaani kipenyo cha feni pale hewa inapoingilia, wa milimita 62. Nukta ya pauni 18 kwenye 2.2 inaangukia kushoto ya mstari mzito, nje ya ramani. Mara nyingi hata hutafika hapo, kwa sababu moshi wa 3500 hautoshi kuizungusha feni kubwa hivyo, kwa hiyo unakanyaga, unasubiri, lori linaondoka. Na kama moshi unatosha, presha inakuwa kubwa kuliko hewa inayopita, hewa inarudi nyuma kupitia feni, inasukumwa tena, inarudi tena, na beringi ya mkandamizo, ile inayozuia shafti isisogee mbele na nyuma, ndiyo inayokula vipigo vyote hivyo. Ule mlio wa chu-chu-chu unapoachia mafuta ni ndugu wa tatizo hilo: klapu ya kuingizia hewa kwenye injini imefungwa, hewa haina pa kwenda, inarudi kwenye feni. Najua mnaupenda. Mtu anatoa valvu ya kupunguza presha makusudi ili asikie chu-chu-chu mbele ya marafiki. Sawa, gari ni lako. EFR walijenga valvu hiyo ndani ya kasha la hewa kabisa, na hilo nawapa heko.

Basi 660 ninayo mkononi, mlango wake ni milimita 54. Ndugu yake mdogo, G25-550, ni 48. Feni ya moshi ni ileile kwenye zote mbili. Kwa injini ya lita 2 na lengo la farasi 360 mpaka 400, 550 inatosha na kubaki, na ile nukta ya pauni 18 inaipokea vizuri zaidi. Ukiwa na lita 2.5, hapo 660 inaanza kuniingia akilini: mizunguko 6500, uwiano 2.3, unapita pauni 44, na huku chini moshi ni mwingi wa kuiamsha mapema.

Upande wa moshi sasa. Nina makasha mawili, hili limeandikwa A/R 0.72, hili 0.92. Ukichungulia ndani hapa, koo la hili la 0.72 ni jembamba. A ni eneo la koo, R ni umbali kutoka katikati ya koo hilo mpaka katikati ya shafti, gawanya, basi. Koo jembamba linaupa moshi kasi, feni inaamka mapema. Ila kule juu kwenye 6500 moshi unabanwa, presha inarundikana kwenye manifoldi, yale mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda, moshi wa moto unabaki ndani ya silinda, na fundi wa tyuni inabidi arudishe nyuma muda wa cheche. Pana ni kinyume chake. Kwa barabara nachukua 0.72, kwa lita 2. Kuna 0.49 pia kwa G25, inaamka haraka sana, lakini kwa farasi 400 utaikaba injini.

Halafu kitu ambacho hakiko kwenye ramani yoyote: westigeti, valvu inayopitisha moshi wa ziada kando ya feni ili busti isizidi. Tundu dogo likishindwa kupitisha moshi wa ziada, busti inapanda yenyewe hata kama umeweka springi laini. Umepanga 1.2, inakwenda 1.5 gia ya nne. Kasha la kubana pamoja na westigeti ya nje iliyowekwa kwenye kona mbaya ya manifoldi, moshi hautaki kugeuka. Angalieni njia ya moshi kabla ya kuangalia rangi ya westigeti.

Kuna aliyeuliza kuhusu turbo za umeme. Mercedes-AMG waliileta kwenye C 43 ya mwaka 2022, mota ndogo juu ya shafti kati ya feni mbili, umeme wa volti 48. Inaizungusha feni kabla moshi haujafika. Naitaka, sana. Lakini kuichomoa na kuihamishia kwenye gari lako la zamani, pamoja na umeme wake na kompyuta yake, hapana, nunua C 43 tu.

Bei. Mnapiga hesabu ya turbo peke yake. Ongeza manifoldi, bomba la kushukia, westigeti, nozeli, pampu ya mafuta, krachi, tyuni. Mara nyingi hivyo vingine vikijumlishwa vinaipita turbo. Na bomba la kurudisha oili lishuke moja kwa moja, lisiwe na tumbo, kwa sababu oili inarudi kwa kuanguka tu. Likipanda kidogo, oili inasimama, inavuja kwenye sili, moshi wa bluu, halafu unasema turbo ni mbovu. Nakala za bandia nazo zimejaa. Bei ikiwa ya ajabu, ni ya ajabu kwa sababu.

Nilianza nikiwa nimekasirikia jina, na bado nimekasirika, lakini kila nikiishika hii... feni imekatwa vizuri mno. Kwa lita 2 yangu bado 550. Au EFR 6758, yenye feni ya moshi ya titani na alumini, uzito wake karibu nusu ya ile ya nikeli kwa ujazo uleule, kwa hiyo inaamka na kulala haraka kati ya gia. Haipendi kugongwa na kitu, kipande kidogo cha manifoldi kikikatika kimeimaliza, na umbo lake ni nene, pima nafasi kwanza. Leo asubuhi ningesema Garrett bila kufikiri. Sasa hivi, siti ya dereva, nikiwa nyuma ya lori... EFR. Labda.

Video ijayo ni intakula, ya mbele na ya juu ya injini, na nitarudia hesabu hii na joto la nyuzi 60 muone farasi wanavyopotea. Niandikieni chini ukubwa wa injini, mizunguko ya mwisho, mwinuko mnaoishi, na busti mnayoitaka. Ukiandika "nataka 600" peke yake, nakuruka.