TAHADHARI: Mchapishaji wa chipu za poka Mombasa na kisingizio chake cha "ni skrini yako"

Nduguzangu wa Mombasa na pwani nzima, anayetaka kutengenezewa chipu za poka (vile visahani vya kuhesabia thamani katika mchezo wa karata) zenye nembo na rangi zake mwenyewe asome hapa kabla hajatuma arbuni. Kuna mtu anapokea kazi hizi kupitia kurasa za mitandaoni na WhatsApp. Anasema karakana yake iko katikati ya mji, lakini ukitaka kwenda kuiona, mara mashine iko kwa fundi, mara yeye mwenyewe yuko Nairobi. Jina na namba sitaweka, maana vyote viwili anabadilisha. Mtindo wake ndio haubadiliki, na ndio ninaoueleza.

Mimi kazi yangu ni usanifu wa michoro: nembo, mabango, kadi za harusi. Mteja wangu mmoja wa Nyali ana wenzake wanaokutana wikendi kucheza poka. (Kabla hamjanijia juu na habari za kamari: wanacheza kwa pointi, wa mwisho ananunua mishkaki. Mwenye hoja zaidi akawaulize wao.) Wakataka seti yao wenyewe. Nikawachorea kwa rangi zilizozoeleka Marekani: nyeupe ina thamani ya 1, nyekundu 5, buluu 10, kijani 25, nyeusi 100, zambarau 500. Mchapishaji walimtafuta wenyewe, wakamlipa nusu ya bei, kisha nikaambiwa nimpelekee faili.

Mzigo ulipofika, buluu na zambarau zilikuwa pacha. Yaani chipu ya 10 na chipu ya 500, ukiziweka mezani usiku, hujui ipi ni ipi. Kijani kimepauka kama kilichofuliwa na jiki. Nyeupe ina umanjano. Jamaa alipoulizwa hakubabaika hata kidogo: "Boss, hiyo ni skrini yako. Skrini na wino ni vitu viwili."

Na hapo ndipo ujanja wake ulipo, kwa sababu alichosema ni kweli. Watu wanalipa salio wakinyamaza kwa kuwa wakiuliza kwa mtu mwingine yeyote wa uchapishaji, naye atawaambia vivyo hivyo.

Skrini inatengeneza rangi kwa nuru ya aina tatu, nyekundu, kijani na buluu. Zikiwaka zote kikamilifu unaona nyeupe. Mashine ya kuchapisha inatumia wino wa samawati, majenta, manjano na nyeusi, na kila tone unaloongeza linazidi kumeza nuru. Kwa hiyo kuna rangi zinazometa kwenye simu ambazo wino huo hauzifikii kabisa: kijani cha kuwaka, rangi ya chungwa kali, na hasa ile buluu ya umeme. Ukiichukua buluu safi ya skrini ukaiacha programu iigeuze yenyewe kuwa wino, mara nyingi inapewa samawati na majenta kwa viwango vinavyokaribiana, na mchanganyiko huo ukichapishwa ni zambarau. Si siri hii. Wasanifu tunapunguza majenta ibaki chini ya samawati kwa asilimia 30 au zaidi, ndipo buluu inabaki buluu.

Sasa, faili nililompelekea lilikuwa limepangwa hivyo tayari: samawati 100, majenta 60. Zambarau nayo nilikuwa nimeisogeza upande wa wekundu makusudi ili ziachane. Basi buluu imegeukaje? Nilipoangalia maandishi kwa karibu nikaona kingo zimekatika ngazi ngazi, na pembeni ya herufi kuna ukungu. Hakulichapisha faili. Aliniomba nimtumie "picha tu ya kuangalia" kwa WhatsApp, na hiyo picha ya kuangalia, iliyobanwa na WhatsApp na iliyo katika rangi za skrini, ndiyo aliyoichapisha. Ndiyo maana nasema, ukiona mchapishaji anaridhika na picha ya simu, hakuulizi faili la vekta (mchoro usiopoteza ukali ukikuzwa) wala PDF, hakuulizi rangi zako zimepangwa kwa wino au kwa nuru, kimbia.

Kuna jingine linalomaliza ubishi wote wa skrini. Ndani ya boksi lile lile, chipu nyekundu zenyewe kwa zenyewe hazikufanana. Nyingine damu ya mzee, nyingine karibu na waridi. Skrini yangu inaweza kulaumiwa kwa tofauti kati ya nilichokiona na kilichokuja. Tofauti ya chipu na mwenzake, zilizochapishwa kwa mchoro mmoja, skrini inaingiaje hapo? Hiyo ni mashine iliyoishiwa wino, au kazi iliyogawanywa kwenye mashine mbili, au karatasi za aina mbili. Mkipokea mzigo, zipangeni chipu za rangi moja safu moja mezani mzitazame zote pamoja kabla ya kusikiliza maelezo yoyote.

Nimetaja karatasi kwa sababu hata aina ya chipu haikuwa ile iliyouzwa. Alitangaza chipu za seramiki zilizochapishwa uso mzima. Hizo kwa kweli si kauri ya vikombe, ni plastiki ngumu maalumu, na huchapishwa kwa joto: wino hugeuka mvuke kwenye joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, ukapenya kwenye uso wa chipu. Ukipitisha ukucha hausikii kitu, na mchoro unakwenda hadi ukingoni. Alicholeta ni chipu za plastiki za dukani, zile zenye kishimo katikati, zimebandikwa stika. Nyingi za namna hiyo zina kipande cha chuma ndani cha kuongeza uzito, ndiyo maana huandikwa gramu 11.5 au 14, wakati za seramiki huwa karibu gramu 10. Yeye alikuwa akiusifia uzito kama dalili ya ubora! Kaweke sumaku ya friji juu yake uone. Upana haukusaidii kuzitofautisha, maana aina zote hizi kwa kawaida ni milimita 39.

Stika ya wino wa printa ya ofisini, kwa unyevu wa hapa kwetu na mikono yenye jasho na mafuta ya mishkaki, mnajua mwisho wake. Ukingo wa kwanza ulishaanza kuinuka kabla hata hawajamaliza kubishana naye.

Alipobanwa zaidi akatoa silaha ya pili: Pantone. "Nimetumia Pantone boss, hiyo ndiyo standadi ya dunia." Pantone ni kampuni ya Marekani, na mfumo wake wa kulinganisha rangi umekuwepo tangu 1963: kila rangi ina namba, na kila namba ina mchanganyiko wake maalumu wa wino. Mtu wa kweli akikutajia namba atakutajia na herufi inayoifuata, C kwa karatasi yenye mng'ao, U kwa isiyo na mng'ao, kwa sababu namba moja kwenye karatasi hizo mbili inaonekana tofauti. Huyu alipoulizwa namba gani akajibu "ya buluu". Isitoshe, mashine za joto za chipu hazichanganyi wino maalumu wa Pantone; zinaikaribia rangi hiyo kwa wino zilizonao. Baadhi ya namba zinafikika, nyingine hazifikiki. Mchapishaji mwaminifu atakwambia mapema: hii nitaipata, hii itapoa kidogo, chagua nyingine. Anayekuahidi kwamba rangi itatoka vile vile unavyoiona kwenye simu hajui kazi, au anaijua vizuri na anakudanganya.

Cha kuomba ni chati ya rangi iliyochapishwa kwenye chipu zenyewe, kwa mashine ile ile itakayofanya kazi yako. Wanaofanya kazi hii kwa dhati wanazo: chipu zenye viboksi vya rangi na viwango vyake. Unachagua kutoka kwenye chipu iliyo mkononi, unaandika viwango vyake kwenye faili lako, na simu yako inatoka kwenye hadithi. Kisha unadai sampuli ya mchoro wako, chipu moja kwa kila rangi, hata kama utazilipia. Huyu jamaa sampuli hatoi. Anasema mashine haiwashwi kwa chipu moja. Uongo mtupu, ni zile zinazomiminwa kwenye kalibu zinazohitaji idadi kubwa, si za kuchapisha.

Sampuli ikifika, usiitazame ofisini ukaridhika. Biashara Street nani anachagua leso chini ya taa ya duka? Anaitoa nje barazani aione juani, na chipu ni hivyo hivyo. Rangi mbili zinaweza kulingana chini ya taa moja zikaachana chini ya nyingine, ndiyo sababu wachapishaji wakubwa hukagua chini ya taa ya kiwango kimoja, Kelvini 5000 (kipimo cha rangi ya nuru), inayokaribia nuru ya mchana. Ila chipu za poka huchezewa usiku, aghalabu chini ya globu ya manjano, kwa hiyo zitazame na hapo pia. Buluu iliyokolea itaukaribia weusi, zambarau itaingia kwenye kahawia. Na kwa kuwa wapo wanaume wengi wasiotofautisha nyekundu na kijani, usiitegemee rangi peke yake: weka namba kubwa, na alama za ukingoni zitofautiane kwa idadi au umbo, ili hata rundo likionekana kwa ubavu mtu ajue ni shilingi ngapi. Pointi, nilitaka kusema.

Kuhusu pesa. Anaomba zitumwe kwa namba ya simu ya mtu binafsi, na jina linalotokea kwenye M-Pesa silo analojiita. Ukimuuliza till, yaani namba ya malipo ya biashara, anasema inashughulikiwa. Wengine wamenishauri kutuma ujumbe wa malipo wa M-Pesa kwa namba 456 ya Safaricom ili pesa irudishwe. Huduma hiyo imewekwa kwa aliyekosea namba, si kwa aliyelipa kwa hiari yake kisha akadhulumiwa, na huyu pesa haikai kwenye simu yake. Mkondo unaofaa zaidi ni Mahakama ya Madai Madogo, ambayo Mombasa ipo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kujisimamia bila wakili. Mteja wangu anaelekea huko.

Picha anazotangazia si kazi yake. Mbili nimezitafuta kwa kutumia picha zenyewe, nikazikuta kwenye tovuti za watengenezaji wa ng'ambo, nembo zimefutwa juu juu. Ukitaka kumjaribu, mwambie apige picha chipu yoyote kwenye tangazo lake ikiwa imelazwa juu ya gazeti la leo. Mimi nilipomwomba hivyo alinifungia.

Kwa mliokwisha lipa na bado mnangoja: msifute mazungumzo hata akiwaudhi vipi. Hifadhini ujumbe wa M-Pesa, tangazo lake kama lilivyokuwa siku mliyolipa, na faili mlilomtumia. Mkipokea mzigo, zipigeni chipu picha mchana nje, zote kwa pamoja, zikiwa na kipande cha karatasi nyeupe kando yake ili asije akasema ni kamera. Stika msizibandue. Salio msilipe kabla hamjafungua boksi mbele ya yule wa bodaboda aliyelileta.