Uzoefu wangu: nimesikiliza "Anna and the French Kiss"

Nimemaliza kusikiliza Anna and the French Kiss, riwaya ya Stephanie Perkins iliyotoka mwaka 2010, katika toleo la sauti linalosomwa na Kim Mai Guest. Kama bado hujaamua uisome au uisikilize, isikilize. Hadithi yenyewe imejengwa juu ya masikio.

Anna Oliphant ni binti wa Atlanta. Baba yake, mwandishi aliyetajirika kwa riwaya za mapenzi na machozi, anaamua kwamba mwaka wa mwisho wa sekondari bintiye ataumalizia Paris, katika shule ya bweni ya Wamarekani. Hakumuuliza. Anna anaacha mama, mdogo wake, rafiki wa kufa na kuzikana, na kijana aliyekuwa anaanza kumtazama. Kifaransa hajui hata cha kuombea maji. Siku za mwanzo, akiingia bwaloni, anaambulia mkate, kwa sababu chakula cha moto sharti umwombe mpishi, na anaogopa kufungua mdomo mbele yake. Kwenye karatasi, macho yangu yangeliruka neno la Kifaransa na kusonga mbele. Masikioni hakuna pa kurukia. Maneno yanapita, hujaambulia kitu, na Anna naye yuko pale pale na wewe. Aliyewahi kufikishwa bweni na wazazi, kisha akabaki peke yake na sanduku, ataujua upweke huo tangu sura za kwanza.

Halafu anatokea Étienne St. Clair. Jina la Kifaransa, uraia wa Marekani, malezi ya London. Ni mfupi, ana tabia ya kung'ata kucha, na anaogopa kupanda juu. Nilifurahi sana kwamba mwandishi hakutuletea tena yule kijana mrefu asiye na doa. Uzuri wake mkubwa ni lafudhi yake ya Kiingereza, na hapo ndipo sauti inaposhinda maandishi: lafudhi haihitaji kuelezwa, unaisikia na unaelewa kwa nini bweni zima limemzimikia. Ndiye anayemtoa Anna nje usiku na kumpeleka Point Zéro, ile alama iliyo mbele ya kanisa la Notre-Dame ambako umbali wa barabara za Ufaransa huanza kuhesabiwa. Notre-Dame ya kitabu hiki ni ile ya kabla ya moto wa Aprili 2019, na kulisikia kanisa likielezwa likiwa zima kulinigusa kuliko nilivyotarajia.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni likizo ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kutoa shukrani. Wenzao Anna na Étienne karibu wote wameondoka, mabweni ni matupu na kuna baridi. Mama yake Étienne anaugua saratani huko Marekani, na baba yake hamruhusu kwenda kumwona. Hakuna linalotokea la kupigiwa ngoma. Wanazunguka mjini, wanalala chumba kimoja kwa adabu zote, wanaongea. Hapo nilirudisha nyuma na kusikiliza tena. Kwa kuwa Anna anasimulia mwenyewe, tena kwa wakati uliopo, kila kigugumizi chake kinakufikia kikiwa kibichi. Usiongeze spidi katika sura hizi. Ukimya kati ya sentensi ni sehemu ya mapenzi yenyewe.

Kilichonikera ni suala la Ellie. Étienne ana mpenzi tangu mwanzo, na anaburuta miguu miezi na miezi bila kumwambia ukweli huku akimwegemea Anna. Woga wake wa kubaki peke yake, hasa wakati mama ni mgonjwa, naukubali. Lakini Ellie naye ni mtu, na kitabu kinampitia juu juu kana kwamba ni kizuizi tu barabarani. Anna mwenyewe hana usafi wote anaojidai, na nashukuru kwamba mwishoni hadithi inamlazimisha kulitazama hilo.

Kuna pia barua pepe za likizo ya Krismasi. Ukurasani zinachekesha na zinakwenda mbio. Zikisomwa kwa sauti, pamoja na nani kamwandikia nani na kichwa cha habari, mazungumzo yanakatika-katika. Ni sehemu fupi, vumilia.

Kiingereza chake ni chepesi, cha vijana, kwa hiyo hata anayejifunza lugha hiyo atafuata vizuri. Kuna mabusu, kuna ulevi wa wanafunzi na utani wa chumbani, basi kwa mtoto wa shule ya msingi ningesubiri kwanza.

Mimi nimeshaingia Isla and the Happily Ever After, riwaya nyingine ya Perkins, ya 2014, inayorudi katika shule ile ile na kumfuata Josh, rafiki mchoraji wa Étienne ambaye hapa alikaa pembeni mno.